Taa Isiyokuwa na Babu

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, habari za kazi. Na nyinyi wanafunzi wa usanifu mliojibanza karibu na mlango kana kwamba mna basi la kuwahi, sogeeni mbele, viti bado vipo.

Kabla sijaanza, namwomba kijana wa ukumbi atuzimie taa za dari. Zote, hata ile ya jukwaani. Ahsante. Tubaki na hii niliyoiweka mezani.

Haya, tazamaneni. Dakika moja iliyopita mlikuwa na nuru ya kutosha kusomea hati ya kiwanja, lakini nyuso zenu zilikuwa bapa kama picha za kitambulisho. Sasa kila mmoja ana upande wa mwanga na upande wa kivuli. Mzee wangu wa safu ya tatu amekuwa kama mtu mwenye kisa anachotaka kukisimulia. Na hamkuongezewa kitu, mmepunguziwa.

Taa hii ina kitako cha shaba nyekundu na kofia ya ulanga. Ndiyo, ulanga, yale madini yanayobanduka karatasi karatasi, yaliyokuwa yakichimbwa milima ya Uluguru tangu enzi za Mjerumani. Nimeitengeneza mwenyewe. Imenila wiki tatu na ngozi ya vidole viwili. Lakini umbo si langu. Nimeliiga, wala sioni haya, kwa fundi aliyekuwa na karakana San Francisco zaidi ya miaka 100 iliyopita, na nitamfikia. Jioni hii nimeitwa nizungumzie kule alikotokea: harakati ya Arts and Crafts, yaani Sanaa na Ufundi, iliyochipuka Uingereza katika nusu ya pili ya karne ya 19 ikavuka bahari hadi Marekani. Na hasa taa ambazo watu wa harakati hiyo walizitundika majumbani.

Jina kwanza. Waingereza walilazimika kuyafunga maneno mawili kwa kamba ya "na", maana kwao mchoraji alishapanda ghorofani zamani, fundi akabaki chini na vumbi lake. Jina hilo lilizaliwa London mwaka 1887, wasanii na mafundi walipoanzisha chama cha kuonyesha kazi zao, na onyesho la kwanza likafanyika mwaka uliofuata. Sisi neno letu sanaa tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa limebeba kazi ya mikono ndani yake, na kamusi za zamani zinamwita mhunzi msana. Ungemwendea mfua shaba wa pwani ukamwambia kuna watu Ulaya wamegundua kwamba sanaa na ufundi ni kitu kimoja, angekuuliza vilitengana lini.

Vilitengana kiwandani. Mwandishi John Ruskin alilisema hilo katika miaka ya 1850, kwamba wakubwa wanapojisifu kwa kuigawanya kazi, kinachogawanywa hasa ni mtu: mmoja maisha yake yote anachonga vichwa vya pini, mwingine ncha. William Morris aliyasoma hayo akiwa kijana yakamwingia. Mwaka 1861 yeye na rafiki zake wakafungua kampuni ya kutengeneza vitu vya nyumbani kwa mikono: samani, vioo vya rangi, mapambo ya ukuta, baadaye vitambaa na mazulia. Na njia yao ilikuwa kurudi nyuma kutafuta mzee wa kumfuata. Walipotaka kiti cha bei nafuu walichukua mfano wa viti vya vijijini Sussex, vya miti myembamba na vikalio vya matete yaliyosokotwa. Walipotaka kinara cha mshumaa, mbunifu wao Philip Webb alichora cha shaba, kizito, ambacho mtawa wa karne ya 14 angekitambua bila kuuliza.

Kiti kina babu. Zulia lina babu. Kinara kina babu na babu wa babu. Ukimheshimu babu na ukaijua mbao yako, huwezi kupotea sana.

Halafu Joseph Swan kule Newcastle na Thomas Edison kule Marekani, katika mwaka 1878 na 1879, wakatoa balbu. Hiyo haikuwa na babu. Harakati nzima iliyojifunza kuuliza "wazee walifanyaje?" ikakutana na kitu ambacho wazee hawakukiota. Ndiyo maana mimi naamini kwamba ukitaka kujua nani katika watu wale alielewa na nani aliimba tu, acha viti. Tazama taa.

Mfano wa kwanza uko kaskazini mwa Uingereza, nyumba ya Cragside ya tajiri wa mizinga na mitambo, Lord Armstrong. Mwaka 1880 aliwasha balbu za Swan kwa umeme wa maji ya mto uliopita shambani mwake, na kwa hilo nyumba ile imeingia katika historia. Lakini maktabani alizipachika wapi? Juu ya vyungu vya shaba vilivyopambwa kwa enameli, vya kutoka mashariki ya mbali. Alichukua kitu kipya kabisa duniani akakivalisha kanzu ya chungu cha maua. Simcheki. Hata sisi simu za kwanza za mkononi tulizifunga kiunoni mfano wa kisu. Kitu kisicho na babu huazima nguo.

Wengine waliazima vibaya zaidi. Walitengeneza mishumaa ya bandia, yenye nta ya bandia iliyoganda ikitiririka, juu yake wakasimamisha balbu. Ukumbi gani wa harusi mjini hapa hauna hizo mpaka leo? Nyamazeni, najua baadhi yenu mmezifunga.

Sasa hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu jambo hili ni la mafundi. Mwali wa moto unapanda. Kandili, koroboi, chemni, mshumaa, zote zina sheria moja: mafuta chini, moto juu. Kwa hiyo mahali penye giza kuliko pote ni kwenye kitako cha taa yenyewe. Kila aliyefanya kazi za shule kwa kibatari anajua, daftari ukilisogeza karibu mno na taa linaingia kivulini. Moto unataka hewa, unatoa masizi, unachoma dari. Kwa maelfu ya miaka umbo la taa lilikuwa umbo la kumtii bwana huyo.

Balbu haina bwana. Igeuze kichwa chini, inawaka. Ilaze ubavu, inawaka. Itundike kwa waya wake wenyewe kama popo, inawaka. Hakuna tangi, hakuna masizi. Ni jambo dogo ukilisikia leo, lakini mafundi wengi wa wakati ule waliendelea kuisimamisha balbu wima juu ya mkono wa shaba mithili ya mshumaa, miaka na miaka.

Aliyeligundua mapema na kulifanyia kazi aliitwa William Arthur Smith Benson, aliyezaliwa 1854. Alisomea usanifu majengo, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mashine tangu utotoni. Kupitia kwa mchoraji Edward Burne-Jones alifahamiana na Morris, na Morris ndiye aliyemtia moyo afungue karakana. Akaifungua 1880, Hammersmith, magharibi mwa London. Mwaka 1887 alikuwa na duka Bond Street, mtaa wa wenye fedha.

Mkipata nafasi tafuteni picha za taa zake. Shina ni bomba jembamba la shaba ya manjano linalopinda kama kikonyo cha boga. Mwisho wa kikonyo balbu inaangalia chini. Nyuma ya balbu amekunjua petali za shaba nyekundu, zilizong'arishwa, zikiupokea mwanga na kuurudisha chumbani. Si petali za urembo. Nguvu ya balbu ilikuwa ndogo mno, asingeweza kuiacha nusu ya mwanga ipotelee kwenye dari. Na shaba nyekundu hunyonya ubaridi, ikirudisha mwanga unakuwa na wekundu wa makaa. Nyingine kazifanyia kofia za kioo chenye ukungu wa maziwa, kilichopulizwa na James Powell & Sons wa Whitefriars, kioo ambacho kikiwa kimezimwa ni rangi ya majani makavu na kikiwashwa ni kama tui.

Ile balbu ya uzi wa kaboni ilihesabiwa nguvu ya mishumaa 16, ikila wati zipatazo 50. Hii ya LED ya wati 9 mnayonunua dukani kwa Mangi inaizidi mwanga mara nne au zaidi. Shikeni hapo, maana vinginevyo hamtaelewa kwa nini nyumba zao ziliruhusu balbu kuning'inia uchi. Haikuumiza macho. Kwanza ilikuwa fahari: mgeni akija anyanyue shingo aone ule uzi mwekundu ndani ya chupa.

Nyumba ya kuliona hilo ni Standen, huko Sussex, ambayo Webb aliichora kwa ajili ya mwanasheria James Beale na mkewe Margaret, ikajengwa kati ya 1891 na 1894. Iliwekewa umeme tangu mwanzo, na mtambo wake yenyewe. Leo iko chini ya shirika la kuhifadhi urithi, unalipa kiingilio unaingia. Taa nyingi ni za Benson. Lakini sebuleni Webb alichora za ukutani mwenyewe: bamba la shaba limefuliwa kwa mapambo ya mimea, limekaa ukutani mfano wa ngao, na mbele yake balbu inaning'inia. Basi. Bamba linashika mwanga na kuutawanya kwenye mabonde na vilima vyake vidogo. Mzee Webb, aliyechora kinara cha mtawa mwaka ule wa 1861, alikuwa na umri wa miaka 60 na ushee, na aliuelewa umeme kuliko vijana. Hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Sasa kuna neno la kutia chumvi kwenye kidonda. Benson alitumia mashine. Si kwa siri. Kiwanda chake kilikuwa na mashine za kukandamiza na za kukereza, vipande vyake viliingiliana, shina hili laweza kubeba kofia ile, na alikuwa na katalogi ambayo mteja anachagua kwa namba. Katika harakati iliyosimama juu ya mkono wa fundi, huyu alikuwa mwana wa ndani anayepika jungu tofauti. Na hawakumfukuza. Morris alipofariki 1896, Benson akawa mwenyekiti wa kampuni ya Morris. Hermann Muthesius, mwanadiplomasia wa Kijerumani aliyetumwa London kuchunguza nyumba za Waingereza, aliporudi na vitabu vyake vya 1904 na 1905 alimweka Benson mstari wa mbele kabisa wa waliobuni taa za umeme.

Upande wa pili mwekeni C. R. Ashbee, aliyeanzisha chama cha mafundi mashariki mwa London mwaka 1888. Chake kilikuwa cha mikono kwelikweli. Mwaka 1902 aliwahamisha mafundi na familia zao kwenda Chipping Campden, kijijini, wafue fedha na shaba kwenye hewa safi. Kazi zao nzuri, taa zao zenye vipande vya enameli ni za kuliza. Kufikia 1908 chama kilikuwa kimefilisika. Maduka makubwa ya London yaliuza vitu vinavyofanana kwa bei ambayo fundi mwenye nyundo hawezi kuifikia. Mimi nampenda Ashbee. Lakini karakana yangu inalipa kodi ya pango, kwa hiyo nipo upande wa Benson.

Msidhani umeme uliingia ukashinda siku hiyo hiyo. Gesi ilipigana. Mwaka 1885 mwanakemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, alisajili kitu kilichoipa gesi maisha mapya: kijisoksi cha uzi kilicholoweshwa chumvi za madini, ambacho kikipata joto la mwali hung'aa cheupe. Naona mzee wangu anatabasamu. Ndiyo huyo huyo. Kile kijisoksi cha karabai, unachokigusa kikapukutika majivu ukatukanwa na wenye chombo. Wavuvi wa dagaa wa Kigoma na wa Mwanza waliokesha ziwani na karabai walikuwa wameshika mkononi silaha ya mwisho ya gesi dhidi ya Edison.

Huko Marekani wenye nyumba hawakuamini upande wowote. Wakatengenezewa taa za dari zenye mikono ya namna mbili: ya gesi ikitazama juu, ya umeme ikitazama chini, mti mmoja. Umeme ukikatika unawasha gesi. Sisi watoto wa mgao tusiwacheke. Inverta za ukutani zinasema yale yale kwa lugha nyingine.

Na tumefika Marekani. Gustav Stickley alikuwa mtengeneza samani wa jimbo la New York, aliyezaliwa 1858. Aliposoma ya Ruskin na Morris akatupa mapambo yote, akaanza kutoa samani za mwaloni nene, wima, ulimi wa mbao umepenya mguu ukatokeza upande wa pili ili kila mtu aone umeshikwa na nini. Tatizo likaja kwenye vyuma. Vitasa na bawaba za madukani zilikuwa nyepesi na za kung'aa, hazikufanana na kabati zito. Akaanzisha karakana yake ya shaba na chuma, na kutoka vitasa akahamia taa. Fanusi za pembe nne, shaba iliyogongwa, kioo cha rangi ya asali chenye mawimbi, zimetundikwa kwa mnyororo kutoka kwenye boriti. Juu ya meza ya kulia haweki taa moja kubwa. Anapanga fanusi kadhaa kwa mstari, kila moja na kisima chake cha mwanga. Nyingine za mezani zina kitako cha mwaloni na kofia ya fito nyembamba zilizosukwa, ndani hariri. Jarida lake, The Craftsman, lilitoka kuanzia 1901 hadi 1916, na lilikuwa na jambo ambalo waalimu wa ufundi mngelipenda: lilichapisha michoro na maelekezo ili msomaji ajitengenezee nyumbani. Mfanyabiashara anamfundisha mteja namna ya kutonunua. Alifilisika 1915, lakini kwa sababu nyingine, alijenga jengo kubwa mno New York. Kina Roycroft, jumuiya ya mafundi wa East Aurora, nawaruka. Waliuza shaba nzuri pamoja na maneno mengi.

Turudi kwenye alama za nyundo, maana hapo ndipo nina ugomvi.

Miaka michache iliyopita nilinunua Kariakoo taa ya mezani, muuzaji akaniapia ni ya kufuliwa kwa mkono. Ina mabonyo ya nyundo kila mahali na misumari ya ribiti minne inayoshika mikono ya kofia. Nilipofika nyumbani nikaigeuza. Mabonyo yote yalikuwa sawa, umbali sawa, kina sawa: bati limepita kwenye roli. Ribiti moja nikaikwangua kwa ukucha, ikadondoka. Ilikuwa imegundishwa. Haikushika kitu chochote, ilikuwa pale kwa ajili ya picha. Niliumia, lakini si kwa fedha.

Kwa nini? Anayefua shaba ananielewa. Bamba la shaba ukiligonga linakuwa gumu. Ukiendelea litapasuka. Inabidi uliweke motoni liive, liwe jekundu, ulizime, ndipo linalegea uanze tena, na kwa chombo kirefu kama hiki utarudia mara nyingi. Mwisho kabisa unapita na nyundo bapa iliyong'arishwa, pigo kando ya pigo, kusawazisha. Kusawazisha! Mfua madele ya kahawa wa zamani alikuwa anapita na nyundo ile mpaka alama zipotee, na akiziacha mwenye dele atauliza kwa nini kazi haijaisha. Hawa wa Sanaa na Ufundi ndio walioamua kuziacha. Kwa hiyo tusidanganyane, hata alama za kweli zilikuwa hotuba kidogo: zilisema, mtu alikuwa hapa. Ni hotuba nzuri. Ila viwanda vikaisikia, na haukupita muda mrefu vikaanza kuchapa mabonyo kwa mashine. Benson mwenye mashine hakuwahi kujifanya nyundo. Yeye shaba yake ni laini, imetoka kwenye mashine, na inasema imetoka kwenye mashine. Kati ya uongo wa ribiti yangu na ukweli wa petali zake sihitaji muda wa kuchagua.

Aliyekuwa na haki ya kuacha alama ni huyu wa taa ya mezani hapa. Dirk van Erp, Mholanzi wa Leeuwarden, aliyezaliwa 1862 kwenye familia ya wafua shaba. Akahamia California, akapata kazi kwenye karakana za meli za kivita huko Mare Island. Jioni alikuwa akichukua maganda ya shaba ya makombora ya mizinga, anayafua kuwa vyombo vya maua. Vikapendwa. Mwaka 1908 akafungua duka la shaba Oakland, na 1910 akahamia San Francisco, akashirikiana kwa muda mfupi na mbunifu Eleanor D'Arcy Gaw. Wajuzi wengi wanamhesabia mama huyu sehemu kubwa ya umbo la taa hizi, na nikitazama kazi za kabla na za baada yake nakubaliana nao.

Njoo karibu, binti, mulika na simu ili wenzako waone. Kitako ni tungi. Kutoka shingoni inapanda mikono ya bamba la shaba, imeshikwa kwa ribiti, na hizi gusa, vuta, hazitoki. Inabeba kofia ya pande nne kama paa la nyumba. Na ndani ya fremu badala ya kioo kuna ulanga. Ulanga haushiki moto, haupasuki kwa joto, unapitisha mwanga. Vipande vyake vyembamba vinapangwa tabaka kwa tabaka na kugandishwa kwa laki, ile gundi ya wadudu, na laki ndiyo inayotoa rangi hii ya kaharabu. Hakuna vipande viwili vinavyofanana. Kila upande wa kofia una mawingu yake. Ikizimwa ni kitu cha kahawia, karibu kibaya. Nilipomwonyesha mama yangu ikiwa imezimwa aliniuliza kama ni mtungi umevunjika nikaufunika.

Kofia zikawa lazima kwa sababu ya waya. Karibu na mwaka 1910 William Coolidge wa General Electric alipata namna ya kuvuta tangsteni iwe uzi imara, na balbu zikaanza kuwaka kwa ukali usiotazamika. Ule mtindo wa Standen wa balbu uchi ukafa hapo. Kuanzia sasa kazi ya taa haikuwa kuukusanya mwanga mdogo bali kuuzuia mwingi.

Kuna anayejiuliza mbona simtaji Tiffany, yule bwana wa vioo wa New York. Kofia zake za vioo vya rangi wengi huziweka kapu hili. Mimi nasema zikae nje: zina ua na kereng'ende kila pahali, shina halionyeshi limeshikwaje. Lakini nitasema jambo moja la haki. Kwa karibu karne nzima sifa zote zilikwenda kwa Louis Comfort Tiffany. Kisha barua za mwanamke aliyeongoza idara ya wakata vioo wanawake, Clara Driscoll, zikajitokeza, na maonyesho ya 2007 huko New York yakaweka wazi kwamba ile ya kereng'ende, ile ya maua ya wisteria na nyingine nyingi zilitoka kichwani mwake. Na idara ile haikuruhusu mwanamke aliyeolewa. Ukichumbiwa, weka mkasi chini uende.

Nimeacha wawili niwapendao mwisho. Charles na Henry Greene, ndugu, walisoma shule ya ufundi St. Louis ambako kabla hawajagusa usanifu walishika randa na tupa. Walipohamia Pasadena, California, na kupata wateja wasiohesabu senti, walichora kila kitu mpaka swichi. Nyumba ya Gamble, ya 1908, ipo na inatembelewa. Fanusi zake ni za mkangazi wa mbali, mahogani, pembe zimelainishwa mpaka unataka kuzishika, zimefungwa vioo vya rangi vilivyotengenezwa na Emil Lange, na zinaning'inia kutoka kwenye dari kwa mikanda ya ngozi. Ngozi! Hakuna moto, hakuna joto la kuogopa, kwa nini taa isining'inie kama mkoba? Umbo wameliazima kwa fanusi za Wajapani, lakini akili ni ile ya Benson: kitu hiki hakina babu, nina ruhusa.

Nyumba yao nyingine pale pale Pasadena, ya Robert Blacker, iliyochorwa 1907, ilinunuliwa mwaka 1985 na mtu aliyeona taa zina thamani kuliko nyumba. Aling'oa fanusi makumi, na vioo, akaanza kuziuza moja moja. Mji ulikasirika mpaka ukatunga sheria ya haraka kuzuia mchezo huo, lakini zilishatawanyika, nyingine kwenye makumbusho, nyingine kwa matajiri. Waliokuja kuinunua nyumba 1994 wakakaa na mafundi miaka, wakapima, wakachonga, wakazitengeneza upya na kuzitundika mahali pake. Rafiki yangu anayeishi upande ule aliingia humo. Anasema alijua ni nakala, akajaribu kutafuta kasoro, akaishia kutazama vivuli vya vioo ukutani, maana kioo ni kipya lakini kivuli kinaanguka pale pale kilipoangukia 1909.

Mimi nimemaliza niliyokuwa nayo. Taa hii itazunguka safu kwa safu. Ishikeni kwenye kitako, msiishike mikono. Mzee wangu wa safu ya tatu, mkono wako uko juu tangu nilipotaja karabai. Karibu, tunakusikiliza. Na wewe kijana wa ukumbi, hizo za dari ziache kwanza.